Sauti ya Baba Akinyi

Mazishi yalinipita. Nilikuwa kitandani na homa ya mapafu, na Baba Akinyi akazikwa huko kwao magharibi bila mimi kutupa hata konzi moja ya udongo. Wiki iliyofuata Akinyi akanipigia simu. Hakunipa pole ya ugonjwa wala hakuuliza habari ya asubuhi. "Nyambura, kuja unisaidie kutoa vitu vya mzee. Nyumba inatakiwa." Nikamwambia bado nakohoa. "Utakohoa ukiwa huku," akasema, akakata. Ndivyo alivyo tangu zamani. Nilivaa sweta mbili, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, nikinung'unika njia nzima, maana kwa muda mrefu sana mimi na yeye tulikuwa watu wa kutumiana salamu za Krismasi na basi, na sikuelewa kwa nini leo niwe wa kubeba masanduku. Lakini nilipofika mlangoni, mlango ule wa kijani uliobabuka rangi, sikuingia mara moja. Ndani mlinukia vile vile: mafuta ya taa, dawa ya kifua aliyojipaka mzee, na sabuni ya kipande. Juu ya meza ndogo karibu na kiti chake bado kulikuwa na ile sahani nyeusi ya kuchajia, haina waya wowote sasa, imejaa vumbi. Nilisimama hapo nikiiangalia kama mtu aliyekutana na adui yake sokoni.

Nilikaa landhi mwaka mmoja tu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, nimeshuka kutoka Subukia na mabegi mawili, na Akinyi ndiye aliyenitafutia chumba, ukuta mmoja na kwao. Kazi tulifanya pamoja mjini, katika karakana ya simu nyuma ya duka la vipuri, meza mbili zikitazamana, taa moja katikati, na redio ya bosi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ndio mwaka ule ambapo kuchaji bila waya kulianza kusikika Nakuru. Bosi alileta katoni ya vipokezi, vyembamba kama kadi, unabandika nyuma ya simu, unaingiza ulimi wake kwenye tundu la chaji, halafu unailaza simu juu ya sahani na stima inapita yenyewe. Watu walikuja kushangaa. Kuna mathe mmoja, mama muuza viazi, nilimwekea, akanirudishia kabla hajafika kituoni. "Hapana, binti. Mimi simu naiweka kifuani. Sasa nitembee na stima kwa matiti?" Akinyi alicheka mpaka akateremka chini ya meza. Tulikuwa na raha mwanzoni, sitadanganya.

Raha ilipungua simu zilipoanza kurudi. Moja imevimba mgongo, nyingine ina moto hata huwezi kuishika. Bosi akasema ni wateja wanalalia simu. Mimi nikafungua vile vipokezi kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipopata ugonjwa wangu wa maisha. Watu hudhani sahani ndiyo yenye mamlaka, kwamba inamwaga tu stima na simu inakinga. Sivyo. Ni kama mama anayepakua ugali. Mama hajui tumbo la mtoto. Mtoto ndiye husema ongeza, au punguza, au nimeshiba. Kipokezi kizuri husema hivyo kila mara. Hakina mdomo, kwa hiyo huivuta ile stima kidogo na kuiachilia, kinavuta na kuachilia, na sahani inahisi mivuto ile kama mtu anayesikia jirani akigonga ukuta. Ikigongewa ongeza, inaongeza. Ikigongewa imetosha, inanyamaza. Sasa vile vya bosi vilikuwa vya bei ya kutupa, vilijua neno moja tu: ongeza. Nikamwambia bosi tunauzia watu watoto wasiojua kushiba. Akaniambia, "Wewe fundi ama mhubiri?" Nilimchukia siku ile, na bado nikifikiria namchukia kidogo.

Baba Akinyi hakuwa na koo. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alisema hivyo: madaktari walilitoa lote kabla sijamjua, kuokoa maisha yake, wakamwachia tundu chini ya shingo la kupumulia, ambalo alilifunika kwa kitambaa cheupe kisafi siku zote. Kusema alisema kwa kifaa kama tochi fupi, ukikibana shingoni kinatetemeka, na yeye akichezesha mdomo maneno yanatoka. Sauti yake ilikuwa ya nyuki ndani ya kopo. Mara ya kwanza niliogopa. Baada ya wiki nilikuwa naisikia kupitia ukutani nikiosha vyombo, akimgombeza Akinyi kuhusu chumvi, na nilikuwa najua leo ana furaha au hana. Aliniita Nyar Subukia, yaani binti wa Subukia, na jina langu halisi sidhani kama alilitamka zaidi ya mara chache. Jumapili tulikula kwao, ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, au kuku kama kuna sababu, katikati ya vitambaa. Lazima niseme habari ya vitambaa. Mama Akinyi alikuwa amefariki, nami sikumkuta, lakini alikuwa kila mahali: alikuwa amefuma kwa mkono vitambaa vya kila kiti, kila stuli, televisheni, redio, mtungi wa maji, hata ile saa ya ukutani ilikuwa na sketi yake. Jumamosi vilifuliwa, vikatiwa wanga, vikaanikwa. Ukikuta kiti hakina kitambaa kwa Baba Akinyi ujue kuna mgonjwa nyumbani. "Kitu bila kitambaa kiko uchi," alisema na nyuki yake, "na mimi mke wangu hakuniacha na nyumba ya uchi."

Kifaa kile kilianza kufa katikati ya mwaka. Tundu la chaji lilikuwa limeoza kwa uji na majasho, waya haukai, na Akinyi alikuwa ameshalibadilisha hadi plastiki yenyewe imekwisha. Hospitali wakasema kingine kitatoka ng'ambo, wasubiri. Wasubiri mpaka lini, hawakusema. Na huku kulikuwa na jambo: Wafula, kijana mwalimu aliyekuwa akifundisha Longonot, alikuwa ametuma neno kwamba wazee wake wangekuja Desemba kumposa Akinyi. Baba Akinyi aliposikia alibana kifaa shingoni na kusema sentensi ambayo kila mtu wa ukoo ule aliisikia mwaka ule mara nyingi mpaka wakachoka. "Binti yangu nitamtoa kwa mdomo wangu. Hatatolewa na mdomo wa kukodi."

Hilo halikuwapendeza wote. Siku moja nilikuwa kwenye kijia cha nyuma nikianika blanketi, nikamsikia Odhiambo, mdogo wake mzee, akisema na mtu dirishani. "Kwanza mambo haya hufanywa nyumbani, si kwa landhi. Pili, wageni waje wasikie lile dude likilia? Watasema tumewaozea binti wa roboti. Mimi nipo, nitasema." Sijui huyo mwingine alijibu nini. Lakini ukuta ni mmoja, na aliyesikia si mimi peke yangu. Jioni mzee alinigongea mlango, akaniwekea kile kifaa mkononi, bila kukitumia. Alinitazama tu. Nikamwambia, "Mzee, nitakijaribu. Siahidi." Akinyi, nyuma yake, akasema, "Usimwambie hivyo. Ahidi." Nikaahidi. Ningefanya nini?

Wazo lilikuwa rahisi kusema: tuzibe lile tundu lililooza kabisa, tuweke kipokezi ndani, kifaa kilale juu ya sahani na kuamka kimeshiba. Kulifanya ndio kazi. Simu ni pana. Kifaa kile kilikuwa chembamba kama gunzi la mahindi. Koili ya kipokezi ilibidi niizungushe upya kwa mkono, ndogo, Akinyi akinishikia taa na kunitukana nikikosea. Na sikukubali kutumia akili za vile vya bosi. Tulitoa chipu kwenye simu nzuri iliyopasuka kioo, chipu inayojua kusema maneno yote matatu, tukaiwekea na mlinzi wake, kidude kinachofunga njia stima ikiruka. Mlinzi mkubwa hakuingia, tukaweka mdogo. Wiki kadhaa tuliishi hivyo, chai ya rangi na mandazi yaliyolala, bosi akilalama kwamba meza yangu imegeuka zahanati. Siku kilipolala juu ya sahani na taa ndogo ya kijani ikawaka, Akinyi alikaa kwenye stuli akafunika uso. Mimi nilijifanya natafuta bisibisi.

Chakula cha mchana cha siku ile nakikumbuka kuliko arusi nyingi nilizokula. Akinyi alipika kuku, mzee akakibana kifaa shingoni, kikalia wazi na kwa nguvu kuliko zamani, na neno la kwanza alilosema ni "Chumvi imezidi." Tulicheka hadi machozi. Halafu akataka kujua. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, ugali na mtoto, na kugonga ukuta. Akaacha kula. Akapangusa mikono. Akasema wakati wake kazini kwenye reli, stesheni ndogo zile za njia moja, treni haikuachiliwa kwa sababu stesheni inayotoa imetaka. Unapiga kengele kwa mwenzako wa mbele, unauliza, na mwenzako asipojibu kwa kengele kwamba njia ni nyeupe, treni inakaa hapo hata kama abiria wanakutukania mama. "Anayepokea ndiye mwenye neno," akasema. Akagonga meza kwa ukucha: mara moja, ongeza, mara mbili, punguza, mara tatu, imetosha. Kuanzia hapo ukawa mchezo wa nyumba ile. Akinyi akimpakulia mboga, mzee hashiki kifaa, anagonga. Akinyi akizungumza sana, anagonga mara tatu. Mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nagonga mara moja, nao wananiletea chai. Nimeishi nyumba nyingi tangu hapo na sijapata nyingine ya kugongewa.

Nilimpa mzee sharti moja tu. "Hapa juu ya sahani, hakuna kitu kingine. Kifaa peke yake. Si kijiko, si ufunguo, si chochote." Akagonga mara moja, ambayo sasa ilikuwa pia ndiyo. Na alilishika sharti lile kwa miezi. Ile sahani ndiyo ilikuwa kitu pekee cha uchi katika nyumba nzima, nyeusi, inang'aa, na nilimwona mara nyingine akiitazama kwa kero, lakini alivumilia.

Jumamosi ya wageni nyumba iliamka mapema. Majirani wa landhi walileta sufuria, viti vya kanisa vilipangwa hadi nje, wanawake wa kwaya wakachukua jikoni kama jeshi. Mimi nilipewa chapati. Vitambaa vyote vilikuwa vimefuliwa jana yake, vimetiwa wanga hadi vinasimama vyenyewe. Odhiambo alikuwepo, suti nzito, akitembea chumba hadi chumba akikohoa kooni kwa mazoezi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake, shingo imefungwa kitambaa kipya, na kifaa chake kilikuwa juu ya sahani, kikijaza tumbo kwa ajili ya mchana. Nilichungulia mara moja, nikaona taa ya kijani, nikarudi kwa unga wangu. Sikuona zaidi. Kutoka mlango wa jikoni usingeweza kuona.

Nilihisi mkono begani. Baba Akinyi alikuwa amesimama nyuma yangu, ameingia jikoni kwa wanawake, jambo ambalo hajalifanya maisha yake yote, na uso wake ulikuwa wa majivu. Alikibana kifaa shingoni. Kimya. Akabana tena. Nilipokichukua nikasikia harufu kabla ya kitu chochote, ile harufu ya plastiki iliyoungua ambayo kila fundi anaijua. Nilimvuta stoo, nikatoa bisibisi kwenye mkoba, nikakifungua juu ya gunia la mchele. Chipu ilikuwa imepasuka katikati. Mlinzi mdogo ameungua. Na stima haikuishia hapo. Ilikuwa imepita hadi kwenye sehemu ya sauti yenyewe na kuiua. "Mzee, nini kilifanyika?" Akatoa kitu mfukoni mwa koti. Kitambaa. Kile kikubwa cha mama Akinyi, cheupe, chenye ukingo wa uzi wa dhahabu, kimekunjwa mara mbili, bado kina joto, na pale uzi wa dhahabu ulipopita pamechomeka duara la kahawia.

Nilielewa. Mungu wangu, nilielewa kwa mpigo mmoja, kama mtu anayesomewa hukumu. Wageni wanakuja, nyumba yote imevaa, na kile kitu kimoja kiko uchi karibu kabisa na kiti cha mgeni mkuu. Kwake kitambaa hakikuwa "kitu." Ilikuwa heshima. Akakitandika chini ya kifaa usiku uliopita. Kifaa kikakaa juu, mbali na sahani, njaa haikuisha, kikaanza kugonga ongeza, ongeza, ongeza, na sahani ikatii, ikapandisha na kupandisha. Hapo bado hakijafa. Kinaweza kukaa hivyo asubuhi nzima. Kinachokiua ni kama kitambaa kinaondoka ghafla na kifaa kinaangukia sahani iliyofura hivyo. Stima yote inaingia mara moja, haraka kuliko neno imetosha linavyoweza kutoka. "Nani alikitoa?" nikauliza, nikidhani ni yeye. Akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa mikono: trei mkononi, kitambaa kina mkunjo, mtu anapita, anakivuta kukinyoosha, tak. Kisha akaonyesha kwa kidole dirishani. Nje, langoni, Akinyi alikuwa na gauni lake la kitenge, akicheka na majirani, maana magari yalikuwa yanapiga honi barabarani. Baba yake akanishika mkono uliokuwa na bisibisi. Akaweka kidole mdomoni. Halafu akagonga juu ya mkono wangu, mara tatu.

Wageni waliketi, wakanywa, wakala kidogo, wakasifu nyumba. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye fimbo, akasimama akasema kwamba kijana wao anaishi kwa mkate na chai kama mfungwa, na wamesikia boma hili lina jiko, wameomba kuja kuliona. Watu wakacheka vizuri. Macho yakamgeukia Baba Akinyi. Odhiambo, ambaye alikuwa ameshaambiwa kwamba kifaa kimeharibika, akaanza kuinuka, na mzee akamkamata pindo la koti akamkalisha. Akasimama yeye. Mdomo wake ukafunguka, ukasema maneno marefu, mazuri, nina hakika yalikuwa mazuri kwa jinsi alivyoyachezesha, na chumbani hakukusikika ila mtoto aliyekuwa akilia kwa jirani. Nilitaka ardhi inimeze. Akinyi alikuwa ameketi katikati ya shangazi zake, na nilimwona akitafuta kifaa kwa macho, mkononi mwa baba yake, mezani, kwenye sahani. Mzee akamaliza. Akaona hakuna aliyesikia. Akainama, akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja, kwa nguvu hadi vikombe vikaruka.

Akinyi alilia papo hapo. Mimi nikasema kutoka mlangoni, bila ruhusa ya mtu, "Amekubali! Hiyo ni kukubali." Yule mwenye fimbo akanitazama, akamtazama mzee, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliouma, "Mama, kwetu mlango hugongwa na anayeomba kuingia. Anayetoa hunena." Wakanong'onezana. Mmoja akauliza kama ni laana au ni ugonjwa. Ndipo Odhiambo akasimama na suti yake, akasema hotuba aliyokuwa ameikoholea asubuhi nzima, na Akinyi akatolewa. Akatolewa kwa mdomo wa kukodi. Baba yake aliketi, akapanga vizuri kitambaa cha mkono wa kiti chake, akakipanga tena.

Jioni, tukiosha masufuria, Akinyi akaniuliza, "Ilikuwa nini?" Nilikuwa na jibu lote, tangu kitambaa hadi chipu. Nikasema, "Sijui. Ni vitu vya zamani. Pengine kazi yangu haikushika." Alinitazama kwa muda, maji yakimtoka viwikoni. Hakuuliza tena. Na hakunitania tena pia, na hilo ndilo nililolitambua polepole, kama mtu anavyotambua kwamba redio ya jirani haijalia siku nyingi. Januari akahamia Longonot. Akipiga simu kwao, ni mimi nilikimbia na simu kwa mzee, nikamwekea sikioni. Yeye anazungumza, baba anagonga kioo kwa ukucha. Moja, mbili, tatu. Mara nyingine waliongea hivyo mpaka chaji ikaisha. Nilikuwa nimesimama hapo nikimshikia simu, nikisikia sauti ndogo ya rafiki yangu ndani yake, na akimaliza alikuwa anasema, "Mwambie Nyambura ahsante," kama mtu anayemshukuru karani. Kabla ya mwaka wangu pale kutimia nikahama landhi. Kifaa kingine kutoka ng'ambo kilikuja baadaye sana, cha waya, na mzee alikitumia dukani na kanisani. Lakini na Akinyi, hadi mwisho, aliendelea kugonga.

Nimelala macho mara ngapi nikijiambia, fungua mdomo, Nyambura, mwambie mwenzio si kazi yako iliyokufa. Lakini ningemwambia nini, kwamba ni mkono wake? Nilikasirika na mzee kwa kunitwika mzigo ule. Nilikasirika na mama Akinyi, Mungu amlaze pema, na uzi wake wa dhahabu. Na nilimkasirikia Akinyi kwa kuamini haraka vile. Lakini niliahidi mtu asiye na sauti, na ahadi ya hivyo haina mahali pa kuirudishia.

Basi wiki ile baada ya mazishi, tulikuwa tumeshafunga masanduku yote isipokuwa la vitambaa. Akinyi alikuwa amekaa sakafuni, amenenepa, mvi mbili tatu mbele, akivikunja kimoja kimoja. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mzee nikikohoa. Nikajiambia: sasa amekwisha kufa, sasa naweza. Nikafungua mdomo. Ndipo akanitupia kitambaa mapajani, na sikuhitaji kukigeuza. Lile duara la kahawia lilikuwa pale pale.

"Alikificha chini ya godoro," akasema. "Miaka yote hiyo. Alidhani sijui."

"Hujui nini?"

"Nyambura, acha. Mimi pia nilikuwa fundi. Nilikivuta kitambaa, kikaanguka, nikasikia harufu. Nilijua kabla sijafika langoni. Nilicheka na wale majirani harufu ile bado puani."

Nilikikunja kile kitambaa mapajani, nikakikunjua. Halafu hasira ikanipanda, hasira ya kweli, hadi kikohozi kikakimbia. "Basi ulininunia nini? Miaka yote hii, umeniacha niwe fundi mbovu aliyemuulia babako sauti! Mimi nilikukosea nini, Akinyi?"

"Hukunikosea." Aliendelea kukunja. "Ulinificha. Wewe na yeye. Nikikuangalia nilikuwa naona mtu anayejua. Na yeye alikuwa amefurahi sana kunificha, ningesemaje? Ningemnyang'anya na hiyo furaha?" Akapangusa pua kwa kitambaa cha redio. "Hospitali, siku ya mwisho, nilimwambia. Nikasema, Baba, ni mimi. Ni mkono wangu ulikunyima maneno yako siku yangu. Nilidhani amelala."

"Akafanyaje?"

Akachukua kitambaa kingine, akakikunja. Mimi, kwa kuwa siwezi kunyamaza, na kwa kuwa nilikuwa nalia na sitaki kulia, nikaanza kumweleza. Kwamba haukuwa mkono wake. Kwamba sahani ilikuwa imeshapandishwa tangu usiku, kwamba hata paka angekigusa kingeanguka, kwamba yule mlinzi mdogo ndiye tuliyepata, kwamba uzi ule ulikuwa na bati ndani yake, kwamba mtu yeyote, mtu yeyote wa nyumba ile angekinyoosha. Nilikuwa bado nasema Akinyi aliponyoosha mkono kuufikia mguu wa ile meza ndogo, na kwa ukucha wake akagonga mara tatu. "Akafanya hivi," akasema.